Chatu Ameungua, Simu Inalia: Pesa ya Daktari Itumwe Vipi?

Ukitaja chatu mbele ya mzee yeyote wa Nyakach, usishangae akikujibu kwa jina moja tu: Omieri. Mwaka 1987 chatu huyo aliungua moto wa kichaka kule Wasare, kusini mwa Kisumu. Kwa watu wa huko hakuwa nyoka wa kukimbizwa kwa rungu. Kuonekana kwake kulihesabiwa dalili ya mvua na mavuno mazuri. Alisafirishwa hadi Nairobi kutibiwa, na huko akafa. Mwaka 2003 chatu mwingine akajitokeza Wasare, watu wakampa jina lile lile, na wageni wakafurika kuja kumwona.

Tunaikumbuka hadithi hii kwa sababu ya kazi yetu. Mwaka 1987 hapakuwa na pesa ya simu. M-Pesa yenyewe ilianza 2007. Aliyetaka kuchangia mgonjwa, awe mtu au mnyama, alitoa noti mkononi mwa mtu aliyemjua, na kwao anakujua. Siku hizi pesa inatoka Kibuye hadi Nairobi kabla chai haijapoa. Hiyo ni raha, lakini ni hatari pia, kwa sababu tapeli naye anaipata kabla chai haijapoa.

Tuseme ni Jumapili, siku soko la Kibuye linapojaa kabisa. Nyuma ya mabanda ya mbao kuna takataka zinachomwa, na chini ya mabanzi anatoka chatu mwenye kidonda cha moto mgongoni. Vijana wanampiga picha, picha inaingia kwenye kundi la WhatsApp, na mama mmoja wa mitumba anayeaminiwa na wote anapewa kazi ya kushika mchango. Baada ya nusu saa anapigiwa simu. "Mimi ni daktari wa nyoka. Nitumie 6,500 ya dawa na mafuta ya gari, niko njiani." Sauti ni ya upole, na chatu analala pale akiteseka. Ungefanya nini?

Kwanza, usitume. Huyo chatu ni mnyama wa porini, na sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu mtu kumweka bila kibali. Anayestahili kupigiwa simu ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ambao wapo hapa hapa Kisumu kwenye hifadhi ya Impala kando ya ziwa. Bili ya matibabu ya chatu wa porini si yako. Na malipo ya serikali siku hizi yanapitia eCitizen, Paybill 222222. Mtu akijiita ofisa kisha akuombe utume kwa namba yake binafsi, kata simu hata kama anajua jina lako na jina la kibanda chako.

Wakati mnasubiri, warudisheni watu nyuma, hasa watoto. Chatu hana sumu, lakini meno anayo na nguvu pia. Msimpake mafuta ya kupikia wala dawa ya meno. Jeraha la moto kwa nyoka linadanganya: ngozi inaweza kuonekana nzuri leo, ubaya ukajitokeza siku kadhaa baadaye. Ndiyo maana hata anayetembea vizuri anafaa kuangaliwa na mtaalamu.

Mambo ni tofauti kidogo kwa yule mwenye kibali chake na nyoka wake nyumbani. Si wengi Kisumu, tunajua, lakini wapo wanaofuga wanyama wasio wa kawaida, na shida yao ya pesa inafanana na ya mwenye mbwa au mbuzi wa maziwa. Nyoka kukataa chakula wiki mbili si dharura lazima. Nyoka wengi hukaa muda mrefu bila kula, hasa wakikaribia kujivua ngozi. Lakini akipumua mdomo wazi, akitoa povu au mate mazito, au fizi zikivimba na kuoza, hapo usingoje mwisho wa mwezi.

Madaktari wengi wa mifugo wa huku kwetu wamezoea ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa. Kwa hiyo swali la kwanza kwenye simu lisiwe "ni pesa ngapi?" Liwe "umewahi kutibu nyoka?" Swali la pili ni namba yake ya usajili kwa Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Daktari wa kweli hakasiriki ukimuuliza.

Halafu sasa pesa. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba nyoka hutibiwa polepole. Mwili wake unaendeshwa na joto la nje, dawa hupimwa kwa uzito wake, na sindano mara nyingi hupeanwa kwa kuruka siku, wiki baada ya wiki. Maana yake bili haiji yote kwa mpigo. Chukua mfano wetu wa kubuni, usiufanye bei ya soko: kumwona daktari ni shilingi 2,500, sindano 6 za shilingi 700 ni 4,200, na kurudi mara mbili kwa 1,500 ni 3,000. Jumla ni 9,700. Mtu akishtuka anakopa 9,700 zote siku hiyo hiyo kwenye simu, na ada ya mkopo inaanza kuhesabiwa juu ya pesa ambazo hazina kazi kwa wiki tatu. Ilhali siku ya kwanza alihitaji 3,200 tu: kumwona daktari na sindano moja.

Basi muombe daktari akuandikie mchanganuo kwa ujumbe mfupi, kila kitu na siku yake. Lipa cha leo leo. Cha wiki ijayo kiweke kwenye akiba iliyofungwa ndani ya simu, ama sivyo kitaliwa na nauli na unga, tunajuana. Kama ni lazima ukope, kopa pengo tu, na uangalie kama ada inatozwa mara moja au kila siku. Overdrafti ya kutozwa kila siku inafaa kwa deni la siku moja au mbili. Kwa matibabu ya mwezi mzima inakuwa mzigo.

Ukilipa, tumia Till au Paybill ya kliniki. Kabla hujakamilisha malipo, soma jina linalotokea. Kliniki ikijiita hivi na jina likaja la mtu usiyemjua, simama, piga uulize. Kwenye nafasi ya akaunti andika jina lako au la mnyama, na usifute ujumbe wa uthibitisho. Ndio risiti yako ukigombana na mtu kuhusu sindano ya nne.

Na ukikosea? Tupigie dakika hiyo hiyo, usimalize kwanza kulalamika kwenye kundi. Pesa ikiwa bado ipo kwa aliyepokea tunaweza kuizuia wakati tunachunguza. Akishaitoa kwa wakala, hatuna mkono wa kuingiza mfukoni mwake. Tunapenda kusema hivi wazi kuliko kukupa matumaini ya bure.

Tumrudie yule mama wa mitumba. Pesa ya mchango isiingie kwenye laini anayouzia nguo, maana jioni hatajua ipi ni ya nyoka na ipi ni ya sweta. Atumie laini ya pili au akaunti ya kundi, na kila jioni aweke orodha kwenye kundi: nani ametuma, ngapi zimetoka, zimekwenda wapi. Mwanzoni kabisa mkubaliane salio litafanywa nini, kwa sababu mnyama anaweza kupona mapema, kuchukuliwa na KWS bure, au kufa kama Omieri. Kama zimebaki 2,300, anayetaka zake arudishiwe kwa namba ile ile aliyotumia kutuma, si namba nyingine atakayoitaja baadaye.