Msichana aliyefungiwa wodini ndiye aliyewaletea tiba wanaojikata

Umewahi kuona mtu amevaa hudi Nakuru saa nane mchana mwezi wa Februari? Si hudi ya asubuhi, hapo sote tunavaa. Naongea wakati jua limesimama wima juu ya Menengai, vumbi linazunguka kutoka Free Area hadi Section 58, na mtu amevuta mikono ya hudi mpaka kwenye vidole.

Mwenzangu wa chumba alikuwa hivyo. Tulikuwa tunagawana kodi ya bedsita upande wa Kiti, yeye akifanya kazi kwenye kibanda cha M-Pesa, mimi nikijidanganya kwamba nitarudi chuo muhula unaofuata. (Sikurudi, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.) Jioni moja alinyoosha mkono kuchukua sufuria, hudi ikapanda, nikaona. Nikasema lile neno ambalo pengine hata wewe ungelisema: "Kwani unatafuta kiki?"

Hakujibu. Wiki hiyo akanunua hudi ya pili.

Msamaha nilishaomba, kwa hivyo sikuandikii hilo. Nakuandikia kwa sababu baadaye, nilipokuwa nikitafuta kuelewa nilichokiona, nilikutana na habari za mwanamke anayeitwa Marsha Linehan, na tangu hapo lile neno langu la kiki linaniwasha.

Kwanza tuelewane kidogo. Mara nyingi anayejikata hataki kufa. Anatafuta pa kupumulia. Kichwani kumejaa kelele, na kwa dakika chache kelele zinapungua, halafu aibu inaingia, na aibu inazirudisha kelele zikiwa kubwa kuliko mwanzo. Ndiyo maana anarudia. Hiyo haimaanishi ni jambo la kupuuza: anayejidhuru mara kwa mara yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya siku moja kujiua kuliko asiyejidhuru. Lakini ukimchukulia kama mtu anayeigiza, au kama mhalifu, unamfungia mlango ambao angepitia kuomba msaada.

Na hapa Kenya mhalifu si neno la mzaha. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilisema kujaribu kujiua ni kosa, na ungeweza kufungwa hadi miaka miwili. Sasa fikiria umefika hospitalini na majeraha mkononi. Utamweleza nani kwamba hukutaka kufa? Daktari akiandika vingine je? Afisa wa polisi akija wodini je? Wengi walichagua kujifunga kitambaa na kukaa kejani. Sheria yenyewe tuliachiwa na Waingereza, na Waingereza waliifuta kwao mwaka wa 1961. Sisi tulibaki nayo mpaka Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipoamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Shika huo mwaka wa 1961. Mwezi wa Machi mwaka huohuo, huko Hartford, Marekani, msichana wa miaka 17 aliingizwa katika hospitali ya magonjwa ya akili iitwayo Institute of Living. Alizaliwa Tulsa, Oklahoma, mtoto wa tatu kati ya sita, nyumba ya watu wenye pesa, baba akiwa kwenye biashara ya mafuta. Kwa nje hakuwa amekosa kitu. Lakini alikuwa akijikata na kujichoma, na alipofika hospitalini hakuacha, akazidisha.

Madaktari walisema ana skizofrenia. Walimpa dawa kali za kumtuliza, wakampitisha kwenye tiba ya umeme, na alipoendelea kujiumiza wakamfungia peke yake katika chumba kidogo cha kutengea wagonjwa. Huko nako, bila kitu chochote cha kutumia, alipiga kichwa ukutani. Alikaa hospitalini miezi 26. Alipotoka mwaka wa 1963 hakuwa amepona. Alikuwa na umri wa miaka 20, na kumbukumbu nyingi za utotoni zilikuwa zimepotea.

Ila alikuwa ameweka nadhiri. Akiwa mle ndani alimwahidi Mungu kwamba akitoka katika jehanamu ile, atarudi kuwatoa wengine.

Kama ungekuwa mwaka huo ukimtazama, ungempa nafasi? Alihamia Chicago, akawa karani katika kampuni ya bima mchana, akisoma Chuo Kikuu cha Loyola jioni. (Wenzangu mlioacha shule, mnasikia hapo?) Aliumia tena, akarudi tena hospitalini, akatoka. Anasimulia kwamba mwaka wa 1967, akiomba peke yake katika kanisa dogo, alihisi kwa mara ya kwanza kwamba anajipenda. Mwaka wa 1971 alikuwa na shahada ya uzamifu katika saikolojia, na kufikia mwisho wa miaka ya sabini alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle. Hapo aliomba wagonjwa ambao wenzake walikuwa wanawakwepa: wanawake waliojidhuru mara kwa mara, waliojaribu kujiua zaidi ya mara moja, ambao kila tiba ilikuwa imewashinda.

Hapa ndipo stori inapokuwa tamu, kwa sababu alianza kwa kukosea. Alitumia tiba ya kawaida ya tabia: tatizo ni hili, lirekebishe hivi. Wagonjwa wakakasirika. Walisikia kama wanaambiwa kwamba wao ndio shida. Basi akageuka upande wa pili, akawa mtu wa kuwasikiliza na kuwakubali tu. Wakakasirika tena. Yaani unaniona ninaungua na wewe unakaa hapo ukinielewa?

Alichokuja kugundua ni kwamba mambo hayo mawili lazima yaende pamoja, katika kikao kimoja, hata katika sentensi moja. Uko sawa kuumia hivi, ukizingatia uliyopitia. Na pia huwezi kuendelea hivi. Hakuna upande unaofuta mwingine. Kwa sababu ya huko kushikilia mambo mawili yanayopingana, aliipa tiba yake jina refu la kitaaluma, tiba ya kitabia ya dayalektiki, ambayo duniani kote wanaiita DBT. Matokeo ya utafiti wake wa kwanza yalichapishwa mwaka wa 1991: waliopata tiba hii walijidhuru mara chache zaidi, walilazwa siku chache zaidi, na hawakuitoroka tiba kama wale waliopata matibabu ya kawaida. Kitabu cha kuwafundisha matabibu kilitoka mwaka wa 1993.

Hakuwa peke yake aliyeona pengo hilo. Katikati ya miaka ya themanini, kule Chicago, Karen Conterio na Wendy Lader walianzisha SAFE Alternatives, programu iliyowalenga wanaojidhuru wenyewe, wakati hospitali nyingi hazikujua hata ziwaweke wodi gani. Ila ya Linehan ndiyo iliyosambaa zaidi, na nafikiri najua kwa nini. Inafundishika.

Ukiiangalia vizuri, inafanana sana na chama. Mnakutana kila wiki, kikundi, saa mbili hivi, na kila mtu anakuja na kadi aliyojaza kila siku: leo hamu ya kujikata ilifika wapi, nilifanya nini. Mnajifunza mambo manne. Kutulia na kuona kinachoendelea ndani yako bila kukikimbia, jambo ambalo Linehan alilichota kwa walimu wa Zen. Kuvuka dakika mbaya bila kuifanya iwe mbaya zaidi. Kuzielewa na kuziongoza hisia. Na kuongea na watu, kuomba unachotaka au kukataa usichotaka, bila kuvunja uhusiano. Kando na kikundi, una mtaalamu wako mwenyewe, na unaruhusiwa kumpigia simu wimbi linapopanda. Sharti ni moja: piga kabla hujajidhuru. Ukishajidhuru, unatibiwa kidonda, lakini simu ya ushauri inasubiri saa 24, ili kujikata kusiwe ndiyo njia ya kupata mtu wa kukusikiliza.

Katika hayo manne, la kuvuka dakika mbaya ndilo lililonishangaza, maana ni la mwili kabisa. Mojawapo ya mbinu ni kuzamisha uso kwenye maji baridi kwa sekunde chache huku umeshika pumzi. Mapigo ya moyo hushuka. Maji ya bomba ya Nakuru alfajiri yanatosha, niamini. (Kama una shida ya moyo, muulize daktari kwanza.) Haiponyi kitu. Inakununulia dakika kumi, na katika dakika kumi wimbi huanza kushuka lenyewe.

Kitu kimoja Linehan alichelewa kukifanya. Kwa miaka mingi alikuwa profesa maarufu mwenye makovu mikononi, na hakusema hadharani yametoka wapi. Wagonjwa waliyaona. Mmoja alimuuliza wazi kama yeye ni mmoja wao, kwa sababu kama ndiye, wangepata tumaini. Juni 2011, akiwa na umri wa miaka 68, alirudi katika hospitali ileile ya Hartford, akasimama mbele ya watu na kusema yote.

Miaka 50 kuficha, na huyo ni mtu ambaye tiba ni yake. Sasa wewe unamtarajia dadako wa kidato cha tatu akuambie Jumapili mezani?

Turudi nyumbani. Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, lakini usidhani utatoka stendi ukute bango la DBT. Mtaalamu wa kibinafsi anaweza kumeza kodi yako ya mwezi kwa vikao vichache. Kilicho karibu ni Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, ile ambayo sote bado tunaiita PGH. Ina kitengo cha afya ya akili. Gilgil pia kuna wodi. Ukifika, usiseme tu una mawazo. Sema unajidhuru na unataka kuacha, na uulize nani anafundisha mbinu za kustahimili hisia kali. Mwenzangu alipitia njia hiyo, na mara ya kwanza alirudishwa na mtu wa mapokezi katika kituo kimoja ambaye alimwambia aende akaombewe. Mara ya pili, kwingine, alipata mshauri aliyemkalisha chini.

Swali la kwanza la huyo mshauri halikuwa kwa nini. Alimuuliza: siku ile, kabla ya kujikata, ulikuwa wapi, nani alikuwa amesema nini, ulikuwa umekula, hamu ilianza saa ngapi? Wakarudi nyuma hatua kwa hatua kama mtu anayefuata mnyororo, mpaka wakafika kwenye simu fulani kutoka nyumbani saa kumi jioni. Wiki iliyofuata walijifunza cha kufanya saa kumi.

Kama ni wewe, au ni mtu unayeishi naye, laini ya Msalaba Mwekundu Kenya ni 1199, haikati kredo. Walio chini ya miaka 18 wapige 116. Na mtu akikuambia anataka kufa, usimwache peke yake hata kama ni kwenda dukani. Mpeleke hospitali iliyo karibu, usiku ule ule.