Kadi ya Grafiki Haiponi kwa Kuokwa

Nimechoka kuulizwa nyuzi ngapi na dakika ngapi. Mtu amenunua kadi ya grafiki, mara nyingi ya mtumba, akaichomeka kwenye Dell OptiPlex au HP Compaq iliyostaafu katika ofisi fulani huko Ulaya. Kawasha, kioo cheusi. Kabla hajagusa hata waya mmoja, keshatazama video ya kijana anayeilaza kadi juu ya karatasi ya foili na kuisukumia kwenye oveni ya jikoni, na sasa anataka nimpe vipimo vya mapishi. Wengine hawahangaiki na jiko. Wanakwenda moja kwa moja kwa fundi simu mwenye bloa. Swali ni lile lile: niipige moto kiasi gani?

Usiipige moto hata kidogo. Kadi inayogoma siku ya kwanza kwenye kompyuta ya zamani mara nyingi ni nzima kabisa, na tatizo liko kwenye mashine iliyoipokea. Kuioka ni sawa na kumpa dawa ya malaria mtu anayechechemea kwa sababu kiatu kinambana.

Dawa hii ina historia yake, na tuitazame ili tuizike vizuri. Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia madini ya risasi kwenye vifaa vingi vya elektroniki, na viwanda vikahamia kwenye lehemu ya bati, fedha na shaba. Miaka hiyo hiyo chipu za grafiki zilikuwa zinazidi kuwa kubwa na kuchemka. Mwaka 2007 Microsoft ilitenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya Xbox 360 zilizokuwa zinakufa mikononi mwa wateja, na baadhi ya wateja hao wakawa wanazifunga taulo makusudi zichemke, wakidai zinafufuka. Julai 2008 Nvidia nayo ikatangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa sababu ya chipu za kompyuta za mkononi zilizofungashwa kwa malighafi dhaifu. Vifaa vilikuwa vinakufa kweli, na moto ulikuwa unavirudisha kweli kwa muda. Hapo ndipo oveni ilipopata sifa ya uganga.

Sasa fanya hesabu ya shule ya msingi. Lehemu isiyo na risasi huyeyuka karibu nyuzi 217 za Selsiasi. Mapishi yanayosambaa yanasema nyuzi 200 au pungufu kidogo, dakika nane hadi kumi. Mia mbili haifiki mia mbili kumi na saba. Hakuna lehemu iliyoyeyuka, hakuna ufa ulioziba. Kadi za zamani sana zenye lehemu ya risasi, inayoyeyuka nyuzi 183, ndizo pekee zingeweza kuyeyuka humo, na hizo unapozitoa zikitikisika kidogo tu, vipande vidogo vinahama mahali pake.

Kama lehemu haikuyeyuka, picha ilirudi vipi? Chipu ya grafiki ni kipande cha silikoni kilichokaa juu ya kibao chake kidogo kwa vinundu vingi vidogo mno vya lehemu, vikiwa vimezungukwa na gundi ngumu. Kibao hicho nacho kimekaa juu ya kadi kwa vidonge vikubwa zaidi. Katika kasoro zile za 2008, tatizo lilikuwa kwenye vile vinundu vya ndani, ambavyo fundi hawezi kuvifikia bila kung'oa chipu yenyewe. Ukivipasha moto, malighafi hutanuka na kusukumana, ncha mbili zilizoachana zikagusana tena, ukaona picha, ukashangilia. Kisha unacheza gemu, chipu inachemka, unazima, inapoa. Kila mzunguko unaupanua ule ufa. Baada ya siku kadhaa au wiki kadhaa uko pale pale, safari hii na kadi iliyochoka zaidi.

Na unachokiharibu ni kingi kuliko unachokitafuta. Kapasita za maji zilizo juu ya kadi kwa kawaida zimeandikwa ubavuni nyuzi 105. Wewe umezipa karibu mara mbili. Plastiki ya tundu la HDMI inalegea, pini zinapinda. Halafu kuna unyevu, jambo ambalo wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa wangepaswa kulijua kuliko wengine. Chipu hunyonya unyevu wa hewa polepole. Ukiipandisha joto ghafla, maji yale yanageuka mvuke ndani ya ufungashaji na kuutenganisha matabaka. Ndiyo maana karakana za kweli huvikausha vifaa vyenye unyevu kwa saa nyingi, mara nyingi kwenye nyuzi 125, kabla ya kuvilehemu, na mashine zao hupandisha joto kwa hatua hadi nyuzi 235 au 250, zikakaa juu ya kiwango cha kuyeyuka kwa muda wa dakika moja hivi. Bloa ya kushika mkononi haina ratiba hiyo. Inaunguza kona moja huku nyingine ikiwa vuguvugu. Na oveni iliyopitisha moshi wa bodi za elektroniki isioke tena mkate wa watoto.

"Lakini ya rafiki yangu ilipona." Naisikia kila mara, na sibishi kwamba iliwaka. Nauliza tu ilifanyiwa nini. Ili uioke kadi, lazima uing'oe kwenye sloti, uifungue, upanguse vumbi, usubiri ipoe, uirudishe, uisukume kwa nguvu kwa sababu safari hii umekasirika, na uchomeke waya zote upya. Hatua hizo, ukiondoa ile ya oveni, ndizo matibabu. Kisha kuna suala la dalili: kadi yenye ufa kwenye chipu kwa kawaida huonyesha madoadoa, mistari ya rangi, herufi zilizovurugika, au huzima ikishapata joto. Kioo cheusi tangu sekunde ya kwanza, kwenye mashine ambayo haijawahi kuiona kadi hiyo, kina maelezo mengine mengi ya kuanza nayo.

Kinachoniudhi zaidi ni soko. Kadi iliyopigwa moto ikawaka haibaki kwa mwenyewe. Inauzwa haraka kabla haijafa tena. Ukienda kununua ya mtumba, itazame kwa tochi ya simu: mabaki ya kunata yanayong'aa pembezoni mwa chipu, bodi iliyobadilika rangi kuwa kahawia, plastiki iliyolegea, skrubu zilizokwaruzwa vichwa. Ukiona hivyo, iache mezani.

Haya, tufanye kazi yenyewe.

Kebo kwanza. Kompyuta nyingi za ofisi huzima grafiki ya ndani mara zinapoona kadi, kwa hiyo monita iliyochomekwa kwenye tundu la zamani la madabodi itabaki nyeusi. Hamisha kebo kwenye kadi. Kama monita yako ina VGA tu, chungulia tundu la DVI la kadi. Pembeni mwa ule mfereji mwembamba kuna matundu manne madogo, mawili juu na mawili chini? Basi adapta ya bei rahisi inatosha. Hayapo? Adapta hiyo haitatoa picha hata uikaze vipi, na ndivyo zilivyo GTX za mfululizo wa 10. Nunua kigeuzi cha HDMI kwenda VGA chenye chipu ndani.

Umeme wa pili. Sloti ya PCIe hutoa wati 75 tu. Plagi ya pini 6 huongeza wati 75, ya pini 8 wati 150. Feni kuzunguka si ushahidi kwamba kadi imeshiba. OptiPlex 7010 ya mnara ina pawa saplai ya wati 275, na ile ndogo wati 240, wala hazina plagi ya kadi. RX 580 peke yake inadai wati 185, prosesa ya Core i5 ya kizazi cha tatu hadi 77. Jumlisha mwenyewe, na bado hujahesabu diski. Fundi akikuletea adapta ya kutoka SATA, mrudishie: plagi ya SATA imepimwa ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Ukiitwika wati 150, hapo ndipo utakapooka kitu kweli. Ama ubadilishe pawa saplai, baada ya kuhakikisha plagi zake zinaingia kwenye madabodi hiyo, ama uchukue kadi inayoishi kwa umeme wa sloti: GT 1030 ya wati 30, GTX 750 Ti ya wati 60, au GTX 1050 Ti ya wati 75 isiyo na plagi ya ziada.

Sloti. Tumia ile ndefu iliyo karibu zaidi na prosesa, sukuma mpaka kishikizo kilie, funga skrubu. Kadi ya PCIe 3.0 inafanya kazi kwenye sloti ya 2.0, acha kununua madabodi kwa sababu hiyo.

Sikiliza mashine. HP nyingi za ofisi za enzi hizo zikimweka taa nyekundu na kulia mara nne zinalalamikia umeme. Mara sita, grafiki.

BIOS. Baadhi ya mashine za 2010 hadi 2012 hazizielewi kadi zilizokuja baadaye. Toa kadi, washa kwa grafiki ya ndani, ingia kwa F2 kwenye Dell au F10 kwenye HP, angalia toleo, kisha usasishe kwa faili la mtengenezaji mwenyewe. Fanya hivyo ukiwa na UPS. Umeme ukikatika katikati, umepoteza madabodi. Badilisha pia betri ya CR2032 kama saa ya kompyuta inapotea kila ukizima.

Draiva. Kama picha inaonekana mpaka Windows inapoanza ndipo inazima, kadi iko hai. Ingia kwa hali salama, futa draiva za zamani, weka mpya. Kwa Windows 7 usitafute draiva za karibuni za Nvidia. Kampuni iliacha kutoa draiva za kawaida za mfumo huo Oktoba 2021. Kosa namba 43 lisiloondoka likufanye uitilie shaka kadi yenyewe: kuna GTX 1050 Ti bandia, ambazo ni chipu za zamani zilizobadilishwa jina. "1050 Ti" yenye tundu la VGA ni ya kutiliwa shaka kabla hujalipa. Programu ya bure ya GPU-Z huzitambua nyingi.

Ukimaliza yote hayo na bado giza, ichomeke kwenye kompyuta ya mtu mwingine yenye umeme wa kutosha. Ikigoma na huko, irudishe kwa aliyekuuzia siku hiyo hiyo. Atakayekubali kuipokea ataipokea ikiwa haijaguswa. Iliyopita kwenye oveni au chini ya bloa ni mali yako, na hasara yake ni yako.