Ngoma ya Omukama: Karagwe na Utunzi wa Riwaya za Maajabu

Mwezi wa Novemba 1861, John Hanning Speke, Mwingereza aliyekuwa akitafuta chimbuko la Mto Nile, aliwasili katika ufalme wa Karagwe, akakaribishwa kwa hisani kubwa na Omukama, yaani mfalme, Rumanyika, naye Rumanyika akamhadithia jinsi alivyokirithi kiti cha baba yake, Ndagara. Wana watatu wa marehemu waliwekewa ngoma ndogo, nyepesi kwa umbo, iliyotiwa dawa ikawa nzito hata haikuweza kuinuliwa ila na yule ambaye mizimu imemridhia. Ndugu zake wawili wakajikakamua wakashindwa, naye akainyanyua kwa kidole cha mwisho. Hapo mtihani ulikuwa haujaisha. Ilimlazimu akae mahali maalumu pa nchi, ardhi ipande naye polepole kuelekea mbinguni, na huko juu, akikubaliwa, imshushe taratibu, asipokubaliwa iporomoke ghafula na kumseta. Speke aliyaandika hayo katika kitabu alichokitoa 1863, akiyahesabu kuwa ushirikina. Lakini mtunzi wa riwaya za maajabu akiyasoma, ataona kwamba ameonyeshwa mlango wa kazi yake.

Riwaya za namna hiyo ni zile ambazo mwandishi huumba ulimwengu wake mwenyewe, wenye nchi, nasaba, ibada na viumbe visivyopatikana katika ulimwengu wetu, kisha akatutaka tuusadiki tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Watu wengi hudhani kazi hiyo ni nyepesi, kwa kuwa mwenye kubuni ana ruhusa ya kusema lolote. Dhana hiyo ni batili kabisa. Pale ambapo lolote laweza kutokea, msomaji hana la kuhofia wala la kutumaini, na hekaya hufa mikononi mwake. Kwa hiyo mtunzi hodari huanza kwa kuyafunga maajabu yake kwa sheria, na sheria hizo humbana yeye kwanza kabla ya wahusika wake. Itazame ile ngoma: hujibu swali moja tu, haitoi mvua wala haiponyi wagonjwa, na anayeinuka na ardhi hutia roho yake rehani. Hiyo ndiyo misingi ya ulimwengu wa kubuni, na wazee wa Karagwe walikuwa nayo zamani.

Katika lugha yetu mwalimu wa fani hii ni Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga wa mwaka 1909. Katika *Kusadikika*, kilichochapishwa 1951, aliumba nchi inayoelea angani, akaipa mfalme, mawaziri na baraza, akawapeleka wajumbe wake sita katika pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, na kila mjumbe akarudi na habari njema akalipwa adhabu. Ajabu zote za kitabu hicho zimekusanywa ndani ya kesi moja, ya Karama, aliyeshtakiwa kwa kufundisha uanasheria. Na kwa nchi iliyotawaliwa na wageni, maana yake haikuwa fumbo gumu. Tena hakuona haya kuchota katika visima vya kale, kwani *Adili na Nduguze* ya 1952 ina asili yake katika hekaya za Alfu Lela Ulela. Muswada wa *Kufikirika* aliumaliza 1946 ukatoka 1967, miaka 5 baada ya kufariki kwake.

Ughaibuni nako mambo yamekuwa hayo hayo. J. R. R. Tolkien, mwalimu wa lugha katika Chuo Kikuu cha Oxford, alivutiwa ujanani na *Kalevala*, utendi ambao Elias Lönnrot aliutunga na kuuchapisha 1835 kutokana na nyimbo za waimbaji wa Finland na Karelia. Akajifunza Kifini, akabuni lugha zake mwenyewe kwa kufuata sauti za Kifini, na kutoka katika lugha hizo za kubuni zikazaliwa nchi na kaumu za watu. Riwaya yake kuu, *The Lord of the Rings*, aliianza 1937 na kuitoa kati ya 1954 na 1955, huku ramani yake ikimwamuru ni siku ngapi msafiri atembee kutoka mji hadi mji.

Basi Lönnrot wa Kagera, mkoa iliko Karagwe, ni nani? Waimbaji wapo katika historia yetu: wapiga enanga, ambao kwa zeze lile la ubao na nyuzi chache walighani tendi ndefu za mashujaa kama Rukiza na Kachwenyanja. Na mtafiti naye yupo, maana Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliziandikia tasnifu yake ya mwaka 1986. Kwa rai yangu, kijana wa Kayanga au Murongo anayetaka kuandika riwaya za maajabu angefaidika zaidi kwa kusoma tendi hizo mwaka mzima kuliko kuiga mazimwi na makasri ya Ulaya, ambayo wenyewe huko wameyaandika kwa ustadi na kuyachosha.

Hazina nyingine imetapakaa kote katika nchi ya Wanyambo, wenyeji wa Karagwe. Huko Bweranyange, palipokuwa makao ya Omukama, msafiri Henry Morton Stanley aliona 1876, ndani ya nyumba ya hazina ya Rumanyika, bata wa shaba wenye mabawa ya shaba nyekundu, na ng'ombe wa shaba nyekundu wasio na vichwa. Kwa nini hawana vichwa? Mtunzi akilijibu swali hilo kwa namna yake, amepata sura nzima. Stanley huyo huyo alizuru chemchemi za maji moto za Mtagata, ambako wagonjwa walikwenda kuoga wakitaraji shifaa. Zipo pia simulizi za Wachwezi: Wamara mfalme wao, Mugasha mwenye ziwa na tufani, Irungu mwenye nyika, na safari yao ya chini ya ardhi kwa Kintu, walikopewa ng'ombe na mbegu, kisha wakaghafilika kurudisha shukrani, naye Kintu akamtuma Rufu, yaani Mauti, awafuate. Tena Speke alisimuliwa kwamba maiti ya Ndagara, iliyoshonewa katika ngozi ya ng'ombe na kuachwa ikielea ziwani siku tatu, ilitoa funza watatu, mmoja akageuka simba, wa pili chui, wa tatu fimbo. Na kwamba mabikira watano walifungiwa hai pamoja na ng'ombe hamsini katika nyumba iliyojengwa juu ya mfalme huyo. Mwandishi mwaminifu hatalificha hili la mwisho kwa kuipamba enzi ya kale. Ataukalia usiku wa wale mabikira, awape majina, aulize mama zao waliambiwa nini.

Utaratibu wa kazi waweza kutofautiana kwa kila mtu, ila mpangilio huu umewafaa wengi: ramani kwanza, ambayo hapa Mto Kagera na vilima vyake vimekwisha kuichora, kisha nasaba za watawala, kuanzia Ruhinda, mwasisi wa Wahinda, au mfano wake wa kubuni, kisha sheria za maajabu na gharama zake, ndipo wahusika. Rasimu ya kwanza aghalabu hujaa maelezo, kwa sababu mwandishi hupenda kuonyesha yote aliyoyavumbua, na katika rasimu zifuatazo sehemu kubwa hupunguzwa, ibaki ile tu ambayo mhusika anaigusa kwa mkono wake.

Mimi ningependa kuisoma riwaya inayosimuliwa na mmoja wa wale ndugu wawili walioshindwa na ngoma. Rogero, kama Speke alivyoliandika jina lake, hakuridhika na hukumu ya ngoma. Alimpiga vita ndugu yake, na Rumanyika alisalimika kwa msaada wa Musa, tajiri wa Kihindi wa Kaze, mji ambao ni Tabora ya leo. Mtu aliyeikamata ngoma ndogo kwa mikono miwili, mbele ya ukoo wake wote, isitikisike, aliamini nini usiku ule: kwamba mizimu imemkataa, au kwamba kuna aliyeichezea dawa? Mwandishi hana budi kuchagua jibu kabla hajaandika mstari wa kwanza, kwa maana likiwa la pili, ulimwengu wake wote una sheria nyingine.