Injini Mpya, Presha Ndogo
Hapa Mabwerebwere, lori likitoka kufungwa injini upya na taa ya oili ikabaki inawaka, namwambia dereva azime kwanza. Injini ikizunguka bila oili huua beringi kwa dakika chache.

Napima oili kwa kijiti, kisha nachomoa swichi ya presha na kufunga geji ya mkono mahali pake, maana swichi mbovu hudanganya. Mafundi wengi hutarajia takriban psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika injini ikiwa ya moto, lakini kitabu cha injini ndicho chenye kauli ya mwisho.

Presha ikiwa ndogo tangu injini ingali baridi, nashuku chujio la kwenye sampu, oringi ya bomba la kufyonza, pampu, au valvu ya presha iliyokwama wazi. Ikianza vizuri kisha ikashuka injini ikipata moto, nashuku beringi: pengine klenki ilichongwa, zikarudishwa beringi za saizi ya kawaida. Oili nzito huficha tu ugonjwa huo.

Mwenye lori, kabla ya kupakia mahindi kwenda Mikumi, dai presha ipimwe mbele yako, injini ikiwa ya moto.