Ua la Bibi Backhouse

Huko Uingereza, baridi kali inapoanza kupungua, huchipuka ua liitwalo dafodili. Tunguu lake hufanana na kitunguu maji, na katikati ya petali zake hutokeza kikombe kirefu mfano wa tarumbeta. Kwa miaka mingi watu walilijua kuwa ni ua la manjano au jeupe. Aina iliyobadili mazoea hayo huitwa Mrs R. O. Backhouse, yaani Bibi Backhouse, na nyuma ya jina hilo ipo habari ya jamaa nzima.

Mwanzilishi alikuwa William Backhouse, mwenye benki wa County Durham, aliyezaliwa mwaka 1807. Katika saa zake za mapumziko alizalisha dafodili, akapata aina mashuhuri za Emperor na Empress. Alifariki mwaka 1869. Mwanawe, Robert, alimwoa Sarah Elizabeth Dodgson mwaka 1884, nao wakafanya makao Sutton Court, karibu na mji wa Hereford.

Kazi hiyo yataka subira. Chavua ya ua moja hupakwa kwa mkono juu ya ua jingine. Mbegu zikikomaa hupandwa, na mche hukaa miaka minne au mitano, pengine zaidi, kabla ya kutoa ua la kwanza. Miche mingi haifai, hutupwa. Sarah aliishika kazi hiyo mwaka baada ya mwaka, na mwaka 1916 alitunukiwa Kombe la Ukumbusho la Peter Barr.

Aliaga dunia mwaka 1921. Miongoni mwa miche aliyoiacha lilikuwamo ua la petali nyeupe na tarumbeta ya rangi ya waridi. Likapewa jina lake, likaanza kuuzwa mwaka 1923. Wahenga walinena kuwa mchumia juani hulia kivulini. Sarah alichumia juani, kivulini wakalia wengine.

Hata jina lenyewe si Sarah, bali ni herufi za mumewe, kwani ndivyo wake za watu walivyotajwa zama zile. Mtoto wao, William, alikwenda Argentina kuzalisha mbegu bora za ngano, kisha akarejea Sutton Court kuendeleza dafodili za wazazi wake.

Ua hilo lingali likipandwa hadi leo. Alipandaye, na atamke pia jina la Sarah.