Likasi: Mtangazaji asiyerudia swali hawachukui mbali watazamaji

Saa mbili usiku Kinshasa ni saa tatu Likasi. Mjadala wa siasa unaorushwa kutoka mji mkuu unamkuta mtazamaji wa Kikula au Panda amekwisha kula na watoto wamelala. Umeme ukiwepo, ataufuata mpaka mwisho. Ukikatika, na hukatika mara kwa mara ingawa mabwawa ya Mwadingusha na Koni hayako mbali na mji, mjadala unahamia kwenye simu.

Lawama ya kwanza ni lugha. Katiba ya mwaka 2006 inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Lakini mijadala mikubwa huendeshwa kwa Kifaransa, au kwa Kifaransa kilichochanganywa na Kilingala kama Bosolo na Politik ya Israël Mutombo, inayofuatwa sana kwenye YouTube. Mama ambaye hakusoma Kifaransa anaona wazi kwamba wageni wamegombana. Walichogombania itabidi aelezwe na mtoto wake wa sekondari.

Si kwamba Katanga haijui kuongea siasa kwa Kiswahili chake. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilifanya hivyo miaka mingi redioni na kwenye televisheni, tena kwa kuchekesha. Mchezo wake wa mwaka 1986 kuhusu utawala ulimfanya mtafiti Johannes Fabian auandikie kitabu kizima, kilichotoka 1990. Ulikuwa mchezo wa kuigiza, kweli, lakini haukuhitaji mkalimani sebuleni.

Lawama nzito zaidi inamwangukia mtangazaji mwenyewe. Mgeni anaitwa "Excellence" kila baada ya sentensi mbili, anaongea bila kukatizwa, halafu linakuja tangazo. Sababu si woga tu. Watangazaji wengi wa Kongo hununua wenyewe muda wa hewani, kisha wakatafuta mtu wa kuulipia. Kuna pia bahasha, ile ambayo waandishi wa nchi hii huiita coupage. Wakati mwingine anayelipa ndiye aliyeketi kwenye kiti cha mgeni, na ni vigumu kumbana mtu aliyelipia taa za studio.

Likasi inajua swali moja ambalo lingestahili kuulizwa mara mbili, hata tatu. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali madini yanapochimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Katika mji ulioishi kwa shaba tangu enzi ya Jadotville, mtu anataka kusikia hiyo 15 imefika kiasi gani na imejenga barabara ipi. Mtangazaji huuliza. Mgeni hujibu kwa kueleza maono ya Mkuu wa Nchi. Mtangazaji hushukuru, wanaendelea na mada nyingine.

Haki itendeke kwao pia: kazi hii ina gharama. Nyota TV ya Lubumbashi, mali ya Moïse Katumbi, ilifungwa mwaka 2016 baada ya mwenyewe kuingia upinzani, na ilirudi hewani 2019. Juni 2025, baraza linalosimamia vyombo vya habari, CSAC, lilivikataza kwa siku 90 kutangaza shughuli za rais wa zamani Joseph Kabila na chama chake. Jina hilo katika Katanga si jina la mbali. Mtangazaji aliyepanga mgeni wa upande huo alilazimika kutafuta mwingine, na mtazamaji aliyeko Shituru hakuambiwa kwa nini meza ilikuwa na wageni wa upande mmoja tu.

Kwa hiyo wengine hawasubiri mwisho. Mgeni akianza kuwashukuru wakubwa kabla ya swali la kwanza, kidole kiko kwenye rimoti, na nyumba inarudi kwenye mpira.