Pikipiki Kuukuu: Anza na Breki

Lami mpya kati ya Lodwar na Kakuma, takriban kilomita 120, imeongeza mwendo wa bodaboda. Pikipiki nyingi za zamani bado zina breki za dramu. Ukizifunga mara kwa mara ukiwa na mzigo, hupata moto na kupoteza nguvu. Ukivuka laga yenye maji, huteleza hadi zikauke. Kwa hiyo anza na breki ya mbele, hata kama shoki ndizo zinazokukera.

Kuhamia breki ya diski si kununua sahani peke yake. Unahitaji habu, foko yenye mahali pa kufungia kalipa, pampu ya mkononi na paipu yake, vyote vinavyolingana. Usikubali fundi achomelee kishikio kwenye foko ya zamani. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, basi yabadilishe kila baada ya miaka 2. Fedha hazitoshi? Brekishuu na kebo mpya, pamoja na dramu iliyosafishwa mchanga, zitakusaidia sana kwa gharama ndogo.

Shoki za nyuma hubadilishwa zote mbili pamoja, kwa urefu ule ule wa awali. Zikiwa ndefu, pikipiki huinama mbele na stendi huwa fupi. Na shoki ngumu si ruhusa ya kupakia zaidi: sheria ni abiria 1.

Rimu za aloi zinapendeza, tena hukubali tairi zisizo na tyubu. Lakini zikigonga jiwe huweza kupasuka. Anayeingia njia za vijijini abaki na spoki. Zikilegea, fundi wa karibu atazikaza.